Kueleza Spishi Mpya ya Tangawizi ya Msituni: Mwongozo Kamili kwa Kanda ya Ziwa

Sampuli nyingi za mimea ya jamii ya tangawizi zikifika hebariamu (ghala la sampuli kavu za mimea) hupata jibu lile lile: haitoshi. Majani yamekauka vizuri na lebo imeandikwa kwa mwandiko safi, lakini ua limegeuka utando wa kahawia uliogandamana na gazeti. Kwa sampuli ya namna hiyo hakuna mtaalamu, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kew ya Uingereza, anayeweza kusema kama mmea ni mpya au ni matunguru, ile tangawizi ya msituni ya kila siku.

Ua la mimea hii limejaa maji. Aframomum, jenasi (kundi la spishi ndugu) kubwa kuliko zote za tangawizi za Afrika, hufungua ua alfajiri, na kwa kawaida jioni ua limekwisha. Kwa hiyo spishi huelezwa siku ile ile ua lilipokatwa, kambini, kabla ya giza. Miezi ya maktaba na maabara inayofuata ni ya kuthibitisha ulichokiona siku hiyo. Kama hukukiona, hakuna cha kuthibitisha.

Mwongozo huu ni kwa maofisa misitu, wanafunzi wa botania, waongoza wageni na walimu wanaofanya kazi kati ya Mwanza, visiwa vya ziwa na misitu ya Kagera kama Minziro.

## Vifaa

Vya kuchimbia na kukatia: panga, mkasi wa kupogolea, jembe dogo la mkono. Usiende bila jembe. Rizomu, yaani shina linalotambaa chini ya udongo, haling'oki kwa mkono bila kukatika.

Vya kuchambulia ua: nyembe mpya 10, kibano chenye ncha kali, sindano mbili zilizochomekwa kwenye vijiti, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 (ya mara 20 ikipatikana), rula ya chuma yenye milimita, na kitambaa cheusi kisichong'aa.

Vya kuhifadhia ua: ethanoli ya asilimia 70 ya kutosha kujaza chupa zote mara mbili (zaidi kama utatumia njia ya ndoo ya Hatua ya 6), na chupa 15 za mdomo mpana za ml 100 hadi 250, zenye mfuniko usiovuja. Ukinunua ethanoli ya asilimia 96, pima ml 730 kisha ongeza maji safi hadi ifike lita 1. Spiriti yenye rangi hailipi, kwani inapaka ua rangi yake. Konyagi nayo, yenye asilimia 35, haina nguvu ya kutosha na ua huoza ndani ya chupa.

Vya vinasaba: gramu 500 za jeli ya silika inayobadili rangi ikinyonya maji, na vifuko vitupu vya majani ya chai.

Vya kukaushia: presi ya mbao ya cm 30 kwa 45, mikanda miwili, magazeti mengi, na vipande vya boksi lenye mikunjo katikati vilivyokatwa kwa kipimo cha presi. Mikunjo ya boksi ielekee upande mmoja ili hewa ya moto ipite.

Vya kumbukumbu: daftari la jalada gumu, penseli, vikaratasi vyenye uzi, na GPS au simu. Ndani ya chupa ya spiriti weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu utayeyuka, na utabaki na chupa 15 zisizo na majina.

## Hatua ya 1: Vibali kabla ya panga

Kibali cha utafiti hutoka COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kwa msitu wa hifadhi unahitaji pia ruhusa ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na kwa hifadhi za taifa kama Rubondo, ruhusa ya TANAPA. Kisha jitambulishe kwa serikali ya kijiji au mtaa ulio jirani na msitu.

Majarida makini huuliza namba ya kibali, na hebariamu za nje hukataa sampuli isiyo nacho. Mmea uliokusanywa bila kibali unaweza kuwa mpya kweli na ukakaa kabatini miaka kumi bila jina. Kama nakala zitavuka mpaka, uliza mapema pia cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni tangawizi

Mimea mitatu humdanganya mtu katika kivuli cha msitu wenye maji.

*Costus.* Ina sura ya tangawizi lakini ni ya familia nyingine. Liangalie shina kutoka juu kwenda chini: majani ya Costus yamejizungusha kama ngazi ya mviringo, ya tangawizi yamejipanga safu mbili zinazotazamana. Ala ya jani la Costus imefunga shina kama bomba, wakati ya tangawizi ina mpasuo upande mmoja. Sugua jani mkononi. Tangawizi hunukia, Costus hainukii.

*Jamii ya Marantaceae,* ile ya majani mapana ya kufungia vyakula. Hii ina uvimbe mfupi kama kifundo pale kikonyo kinapokutana na bapa la jani. Tangawizi haina kifundo hicho.

*Mmea wa bustani uliotoroka.* Hedychium na Alpinia, tangawizi za mapambo, hupandwa kwenye hoteli, misheni na nyumba kongwe za mwambao, kisha hushuka na mito. Kama kuna magofu, bustani au shamba karibu, zimalize hizo kwanza kabla ya kuota jina jipya.

Ukishajua ni tangawizi, jenasi tatu za Afrika zinakutosha kuanzia. Aframomum hutoa maua karibu na ardhi, kwenye kishina chake chenyewe, na tunda lake mara nyingi ni jekundu na lina umbo la chupa. Haya ndiyo matunguru. Waganda huyaita matungulu. Renealmia ina maua madogo mengi kwenye shada lenye urefu, na antha yake (kichwa kinachobeba chavua) haina kishungi. Siphonochilus hupenda maeneo yenye kiangazi kirefu, na spishi zake kadhaa hutoa maua majani yakiwa bado mafupi au hayajatoka.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika jenasi kwenye daftari pamoja na dalili mbili zilizokushawishi.

## Hatua ya 3: Fika mapema, fuata rizomu

Panga safari wakati wa mvua, na uwe kwenye kichaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nane mchana labelo, ule mdomo mpana wa ua unaovuta macho, huwa umeanza kujikunja kwenye kingo, na vipimo vyake vimeshapungua.

Maua ya Aframomum hujificha chini ya majani makavu, wakati mwingine hatua nzima kutoka kwenye shina lenye majani. Fukua kwa vidole, polepole. Ukiona ua, usilikate. Chimba kufuata rizomu kutoka kwenye ua hadi kwenye shina la majani, bila kuikata njiani.

Kosa la hapa ndilo kubwa kuliko yote. Spishi mbili huweza kumea zimefungamana, na mtu akachukua ua la hii na majani ya ile. Sampuli ya namna hiyo ikifanywa msingi wa jina, jina hilo litasumbua watu kwa vizazi. Kama rizomu imekatika na huna hakika, ziandike kama sampuli mbili zenye namba tofauti.

Kusanya kutoka kundi lenye mashina ya kutosha. Likiwa na mashina chini ya 20, chukua moja tu na upige picha mengine. Hakuna jina linalostahili kumaliza mmea wenyewe.

## Hatua ya 4: Picha na maandishi, mmea ukiwa hai

Piga picha hizi, kila moja ikiwa na rula na kipande cha karatasi nyeupe ndani ya fremu: mmea mzima, sehemu ya chini ya shina, liguli (kile kilimi pale ala inapokutana na jani), jani juu na chini, shada la maua lilivyokaa ardhini, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda zima na tunda lililopasuliwa. Karatasi nyeupe husaidia kurekebisha rangi baadaye. Kijani cha msituni hupaka kila kitu.

Andika vitu ambavyo kukausha kutavifuta: rangi ya kila sehemu, harufu ya jani na ya rizomu, ladha ya ute wa mbegu kama wenyeji wanaula, unene wa jani, na kama mashina yamesongamana au yameachana. Unyoya pia uandikwe. Pitisha lenzi kwenye liguli, ala, upande wa chini wa jani na ovari (kifuko cha chini ya ua kitakachokuwa tunda). Maneno "lina manyoya" hayasaidii. Andika yalipo, urefu wake, na kama yamelala au yamesimama.

Liguli ipewe mstari wake peke yake. Urefu wake, ncha yake na manyoya yake hutenganisha spishi nyingi, na ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Ipime kwenye jani la katikati ya shina, kwa sababu majani ya chini na ya juu kabisa hayana liguli ya kawaida.

Jina la kienyeji liandike lilivyotamkwa, pamoja na lugha: Kikerewe, Kihaya, Kisukuma, Kizinza. Mzee anayekuambia kwamba hii siyo ile inayoliwa amekupa dalili ya kisayansi, muulize anazitofautishaje.

## Hatua ya 5: Kulichambua ua

Tafuta meza kivulini, tandika kitambaa cheusi, keti. Maua matano yanatosha kuanzia, yakitoka mashina tofauti. Usilichambue lile pekee ulilonalo. Moja lazima liingie kwenye spiriti likiwa zima.

1. Ondoa brakti, yaani vijani vinavyofunika ua, kutoka nje kwenda ndani. Viweke kwa mpangilio ule ule, kushoto kwenda kulia. Kijani cha ndani kabisa kinachokumbatia ua ni brakteoli. Pima urefu wake na uone kama ni bapa au ni bomba.

2. Kalisi, ganda la nje la ua. Kwenye Aframomum ni ala nyembamba iliyopasuka upande mmoja. Pima urefu wote, kisha urefu wa mpasuo.

3. Mrija wa korola (petali zilizoungana chini). Laza ua ubavu. Ukitumia wembe mpya, pasua mrija kuanzia juu tu ya ovari hadi mdomoni, ukipita ubavuni. Ukipita upande wa mgongo utaharibu antha. Ukipita mbele utachana labelo. Fungua kama unavyofungua kitabu, bana kwa sindano.

4. Ndimi tatu za korola. Ule wa mgongoni ni mpana na mara nyingi umejikunja kama kofia juu ya antha. Pima wote watatu.

5. Labelo. Anza kupima pale inapoachana na mrija, siyo chini ya hapo. Hapa ndipo vipimo vya watu wawili hupishana sentimita nzima, kwa kuwa mmoja amehesabu mrija na mwingine hakuhesabu. Labelo si petali. Imetokana na stameni (sehemu za kiume za ua) mbili zilizogeuka na kuungana. Tazama kwenye kingo za chini: kwenye Aframomum kuna vijino viwili vidogo, mabaki ya stameni za pembeni. Kwenye Siphonochilus sehemu hizo ni pana na zimeungana na labelo.

6. Antha na kishungi chake. Tangawizi ina stameni moja tu inayofanya kazi. Geuza lenzi, usogee. Juu ya vifuko viwili vya chavua, kwenye Aframomum nyingi, utaona kishungi: pembe mbili zinazochomoza pembeni na kijilimi kifupi katikati. Pima pembe. Andika kama zimenyooka, zimepinda kwenda nje au zimejikunja nyuma. Chora hata kama hujui kuchora, maana kipande hiki cha milimita chache kikikauka hujikunja na hakuna anayeweza kukinyoosha tena.

7. Staili na stigma. Staili ni uzi unaopita katikati ya vifuko vya antha. Itoe kwa kibano polepole. Stigma, ncha yake, imekaa kama kikombe kidogo. Angalia kama ukingo wake una vinyweleo.

8. Ovari. Ondoa mrija wote. Juu ya ovari, chini ya staili, kuna tezi mbili ndogo za nekta. Zipime sasa, kwani baada ya kukaushwa hazionekani. Kisha kata ovari kwa upana kama unavyokata nyanya, uhesabu vyumba na uone ovuli (zitakazokuwa mbegu) zimeshikwa wapi.

Andika vipimo vya kila ua peke yake kwenye safu yake. Wastani na masafa (kipimo kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa) vitakokotolewa baadaye. Ukiandika masafa pekee hutaweza kurudi nyuma kujua ni ua gani lilikuwa kubwa isivyo kawaida.

Umefaulu ikiwa kitambaa cheusi kina sehemu zote zimepangwa, zimepigwa picha na rula, na mtu mwingine akipima labelo anapata tofauti isiyozidi mm 2.

## Hatua ya 6: Spiriti, silika, presi

Spiriti. Ua moja zima, tumba moja la ua na shada changa kwa kila namba. Ujazo wa spiriti uwe angalau mara tano ya ujazo wa mmea. Baada ya siku mbili mwaga, weka mpya. Ua limetoa maji yake na kuidhoofisha.

Silika. Kata cm 5 hadi 10 za mraba za jani changa safi, funga kwenye kifuko cha chai, zungushia silika yenye uzito mara 10 wa jani. Likauke ndani ya saa 24. Kama silika imebadilika rangi na jani bado linapinda bila kuvunjika, badilisha mara moja. Jani lililokaa spiriti halifai kwa kazi hii.

Presi. Shina la mita mbili au tatu haliingii kwenye karatasi moja. Chukua vipande vitatu: chini pamoja na rizomu, katikati yenye liguli, na ncha. Vipe namba moja, na uandike "1 kati ya 3" na kuendelea. Jani refu likunje kama herufi V au N, upande mmoja wa chini uonekane. Rizomu na tunda nene pasua kwa urefu. Ukiviacha vizima vitaoza ndani huku nje vikionekana vikavu.

Tengeneza seti nne au tano kutoka kundi lile lile, siku ile ile. Hizo ndizo zitakazogawiwa hebariamu mbalimbali.

Kukausha kunawashinda wengi kwenye unyevu wa ziwa. Watu huweka presi juu ya mawe ya Mwanza yenye jua kali, na nje hukauka huku katikati kukiota ukungu. Mvuvi hamwagi dagaa lundo akategemea wa chini wakauke. Presi nene ni lundo. Iwe na sampuli zisizozidi 15, boksi kati ya kila sampuli mbili, na joto litoke chini lipande juu.

Sanduku la mbao lenye balbu moja ya kulelea vifaranga, inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, linafanya kazi nzuri. Taa za LED hazitoi joto la kutosha. Lenga nyuzi 40 hadi 50. Likizidi 60 majani hubadilika rangi na kuwa mepesi kuvunjika. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba cha kukaushia. Hewa yake inaua.

Sampuli iliyokauka hailegei ukiishika upande mmoja, na ukiigusisha shavuni haina ubaridi.

Kisiwani bila umeme, tumia njia ya spiriti: funga sampuli kwenye magazeti, zipange kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, mwagia lita moja ya ethanoli ya asilimia 70 kwa kila furushi la unene wa cm 15, funga vizuri. Zitakaa wiki kadhaa hadi ufike kwenye moto. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na ndoo ni imara kuliko mfuko hata hivyo. Rangi itapotea na vinasaba vitaharibika, kwa hiyo silika na picha zitangulie. Ukirudi kwa meli kutoka Bukoba au Kemondo, weka presi mahali pa juu palipo pakavu, kamwe siyo sitahani ambako umande wa usiku huirudisha mwanzo.

## Hatua ya 7: Je, ni mpya kweli?

Hatua hii inahitaji subira kuliko akili. Majina halali ya mimea huhesabiwa tangu 1 Mei 1753, na yote yaliyotolewa tangu hapo yana haki ya kwanza kuliko lako. Aframomum angustifolium peke yake, ile iliyoenea Afrika Mashariki, imezika majina kadhaa yaliyotolewa kwa mimea iliyodhaniwa mipya.

Anza na vitabu vya Flora of Tropical East Africa, iliyokamilika 2012, juzuu la Zingiberaceae. Pitisha mmea wako kwenye ufunguo wake (mfululizo wa maswali ya kutambulisha mimea) mara mbili, siku mbili tofauti. Kisha fanya hivyo kwa maandiko ya Uganda, Kongo na Rwanda. Msitu wa Minziro una mimea mingi ya Kongo, na kinachoonekana kipya Tanzania kinaweza kuwa cha kawaida ng'ambo ya mpaka. Kugundua kwamba spishi ya Kongo imefika Tanzania ni habari nzuri inayostahili makala, lakini si spishi mpya.

Halafu tazama sampuli zenyewe: hebariamu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (kifupi chake DSM), ya taifa Arusha (NHT), ya Afrika Mashariki Nairobi (EA) na ya Makerere (MHU). Picha za sampuli nyingi za msingi ziko mtandaoni.

Kwa eneo hili kuna shida ya pekee. Wakusanyaji wa enzi ya Wajerumani, kama Franz Stuhlmann aliyepita Bukoba na Mwanza pamoja na Emin Pasha miaka ya 1890, walipeleka sampuli Berlin, na Karl Schumann akazitumia kwenye kazi yake kubwa ya tangawizi ya 1904. Hebariamu ya Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943. Kwa majina hayo tafuta nakala zilizopelekwa kwingine, na usome maelezo ya asili neno kwa neno. Usiruke jina kwa sababu sampuli yake imepotea.

Tengeneza jedwali: spishi yako na tatu au nne zinazofanana nayo, sifa kwa sifa. Tafuta tofauti tatu zisizotegemeana, zinazoonekana kwenye kila shina ulilopima. Urefu wa mmea na ukubwa wa jani hubadilika na kivuli na maji. Haviwezi kusimama peke yake. Umbo la kishungi cha antha, liguli, umbo la tunda na mahali maua yanapotokea vina uzito. Vinasaba, kwa mfano kipande cha DNA kiitwacho ITS na kimoja cha kloroplasti, vinaimarisha hoja, ingawa sheria ya majina haivilazimishi.

Umefaulu ikiwa mtaalamu wa jamii hii uliyemtumia picha na jedwali, bila kumwambia unachotaka kusikia, amefikia jibu lako.

## Hatua ya 8: Jina

Jina la pili lifuate jinsia ya jenasi kwa Kilatini. Aframomum ni ya jinsia ya kati, hivyo jina la mahali huishia na *-ense*. Siphonochilus ni ya kiume na Renealmia ya kike; zote mbili huchukua *-ensis*. Sifa ya kawaida hubadilika zaidi: *album* kwa Aframomum, *albus* kwa Siphonochilus, *alba* kwa Renealmia.

Ukimheshimu mwanamume kwa jina lake, kwa kawaida mwisho ni *-i*, mwanamke, *-ae*. Usijipe jina lako. Usitumie jina la rangi kama ua moja kati ya matano lina rangi nyingine. Kabla ya kuamua, tafuta kwenye IPNI, orodha ya kimataifa ya majina ya mimea, kama jina hilo halijatumika ndani ya jenasi.

Usilitamke jina kwenye WhatsApp, bango la kongamano au lebo ya hebariamu kabla ya kuchapishwa. Andika "sp. A". Jina likivuja bila maelezo huwa uchi kisheria, na mwingine anaweza kulitumia kwa mmea mwingine.

## Hatua ya 9: Kuandika na kuchapisha

Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea inadai mambo machache, lakini ukikosa moja jina halisimami:

- Maelezo au tofauti kwa Kilatini au Kiingereza. Hadi mwisho wa 2011 ilikuwa Kilatini pekee. Kiswahili peke yake bado hakihalalishi jina. Weka muhtasari wa Kiswahili pia. Wanaoutunza msitu wausome.
- Holotaipu moja, yaani sampuli moja inayobeba jina, ikitajwa kwa neno hilo au neno typus, pamoja na hebariamu ilipo. Picha haikubaliki kuwa holotaipu tangu 2007. Vipande vyako vitatu ni sampuli moja ikiwa kila karatasi imeandikwa wazi kuwa ni sehemu ya zile tatu. Chupa ya spiriti nayo iandikwe hivyo hivyo.
- Cheo, kwa kawaida kifupi "sp. nov." (spishi mpya) baada ya jina.
- Chapisho halali: jarida lililochapishwa, au PDF yenye ISSN au ISBN. Tasnifu iliyowekwa tu maktaba ya chuo haitoshi.

Holotaipu ibaki Tanzania, DSM au NHT, na nakala ziende EA, K (Kew) na kwingineko. Ikabidhi kabla ya kutuma makala, upate namba ya hebariamu. Sampuli iliyoko kwenye sanduku chini ya kitanda ni chakula cha mende.

Tofauti iandikwe kwa sentensi moja ya kulinganisha: inafanana na spishi fulani kwa hiki na kile, lakini liguli ni mm hizi (dhidi ya hizi), pembe za kishungi zimejikunja nyuma (dhidi ya kunyooka), tunda lina mbavu (dhidi ya laini). Maelezo marefu yafuate mpangilio wa mmea kutoka chini kwenda juu: rizomu, shina, ala, liguli, jani, shada, ua kwa utaratibu wa Hatua ya 5, tunda, mbegu.

Sehemu ya hali ya uhifadhi hufuata vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili. Eneo linalokaliwa huhesabiwa kwa miraba ya km 2 kwa 2. Chini ya km² 10 huelekea daraja la hatarini kabisa (CR), chini ya 500 hatarini (EN), chini ya 2,000 daraja la kudhurika (VU), mradi kuna pia angalau mbili kati ya hizi: kugawanyika sana au kubaki sehemu chache, kuendelea kupungua, na kupanda na kushuka kupita kiasi. Eleza tishio uliloliona kwa macho: kukata mbao, moto, ng'ombe, mashamba. Kama mmea ni wa kuuzwa au una umbo la kuvutia wapenzi wa bustani, taja mahali kwa jumla tu kwenye makala na uwape TFS namba kamili za GPS.

Makala ikitoka, angalia baada ya wiki kadhaa kama jina limeingia IPNI. Lisipoingia, waandikie wahariri wake na kuambatisha PDF. Peleka nakala iliyochapwa kwa ofisi ya msitu na kwa kijiji, ukurasa wa mchoro ukiwa wa rangi, na umwonyeshe aliyekupeleka kichakani mahali jina lake lilipoandikwa kwenye shukrani.